Gari la Kumbeba Katarina

Gari liliingia mtaa wa Cheyo, mjini Tabora, likiwa limefungwa kamba nyuma ya trekta, na ndani yake, nyuma ya usukani, ameketi Katarina, kilemba kimekaa sawasawa, macho mbele, kama mtu anayesindikizwa na msafara wa serikali. Huyo ndiye Katarina. Ukitaka kumwonea haya, mwonee wewe. Yeye hana habari. Watu walitoka majumbani, waliokuwa wakisuka wakaachia nywele za watu njiani, na bibi mmoja aliuliza kama kuna msiba.

Mumewe, Mwalimu Hilari, alikuwa barazani na kikombe cha chai. Alikuwa amestaafu mwaka juzi baada ya kufundisha hesabu miaka thelathini na mitano, na hakuna kitu alichokipenda duniani kama jambo lililokubaliwa na likafanyika vilevile. Wao walikuwa wamekubaliana. Fedha alizodunduliza Katarina kwa misimu minne ya kuuza asali sokoni zingenunua kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo chenye bodi nyuma, ili aachane na adha ya mabasi kila anapofuata asali kwao Ipole. Sasa tazama kinachovutwa: gari jekundu la milango miwili, aina ya Celica, refu kwa pua, fupi kwa kimo, boneti imepauka, na kunguru wamelifanya choo chao miaka miwili.

"Mama Recheli, hiki ni nini?"

"Gari."

"Kirikuu iko wapi?"

"Niliiona," alisema Katarina akishuka taratibu. "Halafu nikaliona na hili."

Alikuwa amelikuta nyuma ya nyumba ya mhandisi mmoja aliyemaliza kazi zake za barabara na sasa anahama na familia yake. Mhandisi alitaka milioni saba. Katarina alilizunguka mara tatu, akainua boneti, akachomoa kijiti cha oili akakinusa, akalala chali chini ya gari na kitenge chake kizuri, kisha akatoka huko chini na kusema milioni tano. Mhandisi alicheka. Katarina akakaa kwenye ngazi ya nyumba yake akafungua chakula chake akala. Kufikia saa tisa alasiri mhandisi alikuwa hacheki tena, na gari lilikuwa la milioni tano.

Mwalimu hakupiga kelele. Hakuwa mtu wa kelele. Aliuliza tu ndoo za asali zitakaa wapi, akajibiwa nyuma. Akauliza barabara ya Ipole kwa shemeji Shigela, kaka yake Katarina, gari la kimo hicho litapitaje, akajibiwa polepole. Akauliza mwanamke wa miaka hamsini na minne, mwenye wajukuu, anataka nini na gari la vijana. Hapo Katarina alifuta vumbi kwenye kioo kwa ncha ya kitenge.

"Baba Recheli, ukoo wetu wote ni wa kubeba. Babu wa baba yangu alibeba pembe za ndovu begani mpaka pwani, akarudi na bega limepinda. Mama alibeba asali kichwani mpaka Sikonge. Mimi nimebeba ndoo tangu sijaota meno ya pili. Nataka kitu kimoja, kimoja tu, kinibebe mimi."

Jibu hilo halikuwamo kwenye hesabu za Mwalimu, basi akalikwepa kwa njia anayoijua, yaani kuweka masharti. Gari lifanyiwe matengenezo, sawa. Lakini mpaka Jumamosi ya mwisho ya Juni, saa kumi jioni, liwe limeleta asali ya msimu kutoka Ipole mpaka mlangoni. Likishindwa, libadilishwe kwa kirikuu ya fundi Mustafa, ambaye alishalitolea macho lilipopita likivutwa. Katarina alikubali bila kusita. Walipeana mikono hapo barazani, mtu na mkewe, kama wafanyabiashara.

*

Mustafa, mwenye gereji kule mtaa wa Ng'ambo kama baba yake kabla yake, aliitegea sikio injini ile siku ilipowaka, akawanyamazisha watu wote waliokuwepo. "Hii nzima," alisema. "Mwenye nalo alilichoka tu, halikuchoka lenyewe." Na kweli ilikuwa injini ya kusikiliza. Haikulalamika, haikukohoa, ilinguruma chini chini kwa adabu, na ukiikanyaga inakuonyesha kwamba adabu ile ilikuwa hiari yake.

Lakini kuwa na gari la namna ile Tabora ni kazi ya pili. Tairi zake nyembamba hazipatikani mjini, zinaagizwa Dar es Salaam na kuja juu ya basi. Plagi vivyo hivyo. Bima, mafuta, bushi, kila mwezi lina chake, na kila chake kilitoka kwenye asali ya Katarina, hata senti ya Mwalimu haikuguswa. Matuta ya barabarani alijifunza kuyaingia kiupande, gurudumu moja moja, taratibu, huku walio nyuma wakipiga honi na yeye akiwaacha wapige. Kuendesha alijua zamani, tangu alipokuwa mpishi parokiani na kutumwa sokoni na gari la mapadri. Akiwa nyuma ya usukani mgongo wake, uliozoea kuinama, ulinyooka, na mtu angesema ana miaka arobaini.

Aliyepata taabu ni Mwalimu. Zuwena, jirani yao muuza maandazi, alimuuliza kwa upole mbaya kama gari ni la mkwe. Vijana wa pikipiki walimwita Mzee Spoti. Na Jumapili ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu kushuka kwenye kigari kile kunahitaji mtu mzima ajitoe kama anatoka kisimani, mbele ya waumini wote, huku mkewe ndiye dereva. Kwa hiyo kila Jumapili Mwalimu alimwomba Katarina amshushe kwenye kona ya mashine ya kusaga, akamalizia mita mia tatu kwa miguu, akisingizia kunyoosha magoti. Katarina alimshusha kila mara.

Safari mbili za Ipole zilishindikana. Ya kwanza, jiwe lilipasua sampo, bakuli la oili chini ya injini, oili ikamwagika yote, gari likarudi kwa kamba. Ya pili, bomba la maji la rejeta lilichanika kabla hata ya Sikonge. Katarina alitengeneza, akauza asali aliyobakiwa nayo, akatengeneza tena. Mwalimu aliona kirikuu inakaribia. Ila Mustafa naye akaanza kusitasita. Alitaka kulikodisha gari kwa harusi, na rangi ilikuwa imepauka. "Mwalimu, bibi harusi hapandi kitu kilichochujuka," alisema. "Likimetameta, nakupa kirikuu na tairi mpya nne juu yake. Likibaki hivi, sijui."

*

Basi Ijumaa ile, siku moja kabla ya mwisho wa makubaliano, Katarina akiwa sokoni, Mwalimu alikunja mikono ya shati. Dawa ya kung'arishia magari aliikuta dukani ina bei ya kuchekesha. Lakini jikoni kulikuwa na sufuria ya nta, nta safi ya kwao Ipole ambayo Katarina humwekea mtengeneza mishumaa, na Mwalimu alikumbuka jinsi shuleni walivyokuwa wakiyeyusha nta kwa mafuta ya taa na kusugulia sakafu ya ofisi. Aliyeyusha. Alichanganya. Alipaka boneti, paa, milango, mpaka kifuniko cha buti, akasugua kwa kipande cha blanketi mpaka mabega yakamuuma. Kwenye sakafu ya buti, kutu ilipokuwa imetoboa tundu, aliziba kwa bonge zima la nta.

Na gari likaitika. Wekundu wake uliotoroka ulirudi, ukarudi kwa nguvu, mpaka Mwalimu mwenyewe alirudi nyuma hatua mbili kulitazama vizuri, akajikuta anatabasamu, akaacha kutabasamu haraka.

Katarina alirudi alasiri. Alisimama getini na beseni lake kichwani, hakulishusha. Mafuta ya taa yalikuwa yamepeperuka juani, na pua yake, iliyoshinda kwenye nta tangu utoto, haikusikia harufu yoyote ngeni.

"Umeliosha?"

"Nimelisugua kidogo."

Aliigusa boneti kwa mgongo wa kiganja, kama anavyomgusa mtoto paji la uso kujua kama ana homa. Halafu akaingia ndani, akakamata jogoo mmoja kati ya wawili waliobaki, akapika, bila sikukuu, bila mgeni. Alimpakulia mumewe paja na firigisi. Mwalimu alikula macho kwenye sahani, asiinue uso kumtazama.

*

Waliondoka alfajiri. Baada ya kuuacha mji, lami ilinyooka mbele yao na miti ya miombo huku na huku, na Katarina akalipa gari nafasi. Gia ya nne, ya tano, ya sita. Mwalimu alishika kiti kwa mikono miwili, kisha mmoja, kisha akasahau kushika. Mabasi makubwa waliyapita yakiwa yamesimama, au ndivyo ilivyoonekana. Alimtazama mkewe kwa pembe ya jicho. Alikuwa haongei, hacheki, ametulia tu, mkono mmoja juu ya gia, na kwa miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumwona amekaa mahali bila kuwa na kitu kingine cha kufanya. Mwalimu aligeuza uso akatazama miti. Dhamiri yake ilimsumbua, tusifichane.

Kilometa moja ya mwisho, kutoka lami mpaka nyumbani kwa Shigela, kaka yake Katarina, ndiyo ile iliyopasua sampo. Safari hii Katarina alisimamisha gari, akashuka, akaitembea njia yote kwa miguu akitupa mawe pembeni moja baada ya jingine, akarudi, akaendesha. Jiwe halikugusa chochote. Saa tatu asubuhi gari lilikuwa uani kwa Shigela, na ndoo nne za asali, lita ishirini ishirini, zilikuwa zinasubiri zimefunikwa. Mwalimu alipewa kiti chenye mto, akaletewa uji, kama inavyompasa mkwe mwenye mvi. Buti lilikuwa linanuka mafuta ya taa kwa joto, akaliacha wazi lipigwe na upepo kabla ya asali kupakiwa.

Msimu wa kurina asali huwa na nyuki wasio na makao. Mizinga ikishapekuliwa, kuna makundi yanayosusa na kuondoka kutafuta mahali pengine. Saa tano, walipokuwa wanamalizia uji, mlio ulisikika juu ya miti. Shigela alisimama na kikombe mkononi. Kundi lilishuka kama moshi uliokosea njia, likazunguka uani mara moja, mara mbili, likaliona gari. Wachache walibaki kwenye boneti wakitembea huku na huku. Walio wengi waliingia kwenye buti, mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio, kama wenye nyumba.

Shigela alisogea kwa hatua za mtu anayeijua kazi yake, akapitisha kidole kwenye mlango, akanusa. Akaanza kucheka mpaka akashika magoti.

"Nani amelipaka nta? Hivi ndivyo tunavyopaka mzinga mpya tukitaka nyuki wahamie. Hata tundu limezibwa. Shemeji, umetundika mzinga wa milioni tano."

Ua zima lilicheka, wakwe, majirani, watoto. Katarina naye alicheka, na akamgeukia mumewe na uso ambao Mwalimu hakuustahili.

"Msimcheke. Alitaka lipendeze. Alilisugua siku nzima peke yake."

Mwalimu angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua ila yeye na Mustafa. Gari lisingefika saa kumi, makubaliano yangejimaliza yenyewe, na mkewe angemkumbuka kwa wema ule maisha yake yote. Alijikaza kisabuni kwa muda, kisha akashindwa.

"Mama Recheli, sikulipaka kwa ajili yako," alisema. "Nililipaka ili Mustafa alipende."

Kicheko kiliisha. Katarina alimtazama kwa muda wa kutosha mtu kuhesabu mpaka ishirini, na Mwalimu alihesabu. Hakumtukana. Hakulia. Alivua viatu, akafunga kitenge vizuri kiunoni, akamwambia kaka yake alete mzinga mtupu na kata ya kuchotea.

*

Wako watu wenye ujasiri wa kelele, na yuko Katarina. Shigela alitaka kufukiza moshi, dada yake akamkumbusha tangi la petroli liko hapohapo chini. Basi aliinama kwenye buti mikono mitupu, nyuki wamemjaa mpaka kiwiko, akachota polepole kwa kata, akamimina kwenye mdomo wa mzinga, akachota tena. Alikuwa anaongea nao kwa Kinyamwezi, sauti ya chini, maneno ambayo mama yake alikuwa akimwambia yeye alipokuwa mgonjwa. Nyuki wa kuhama hawana hasira nyingi, wameshiba na hawana cha kulinda. Lakini nenda wewe ukaingize mkono. Mwalimu, ambaye alisogea ili asaidie, alidungwa kwenye kope la jicho la kushoto kabla hajagusa kitu, akaambiwa akae mbali.

Saa saba kasoro Katarina alimwona malkia, akamchota na wenzake, akammimina. Waliobaki walianza kumfuata wenyewe mzingani. Gari lilikuwa karibu kuwa lake tena. Lakini mamia ya waliopotea walikuwa bado wanazungukazunguka, na Shigela alitikisa kichwa: ukipakia asali sasa, iwe hapa au kule lamini, harufu itawarudisha wote ndani na dereva akiwemo. Lazima kusubiri jioni.

"Jioni siyo saa kumi," alisema Katarina. Alinawa mikono, akavaa viatu. "Nimeshindwa. Naenda kumkabidhi Mustafa ufunguo. Neno ni neno." Sauti haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililomuumiza Mwalimu kuliko kope.

"Wewe tangulia," alisema. "Asali niachie mimi."

Katarina hakuuliza ataileta na nini. Alifunga buti, akashusha vioo vyote nyuki wa mwisho watoke njiani, akaondoka peke yake.

Ndoo ya asali ya lita ishirini ni nzito kuliko ya maji, na mtu asiyeibeba hajui. Mwalimu alivua koti akalikunja begani, akainua ya kwanza. Shigela alitaka kuita vijana, akataka kutoa baiskeli. Ni aibu gani hii, mkwe mzima abebe mizigo ukweni. Wanawake waliokuwa wanateka maji kisimani walisimama kumtazama. Mwalimu alisema asante shemeji, hizi ni zangu. Kilometa moja mpaka lami, akatua, akamwachia mwenye kibanda cha vocha, akarudi. Ya pili. Kwenye ya tatu miguu ilianza kumtetemeka, akawa anahama bega kila hatua hamsini, akizihesabu. Wakati huo ndipo lile jibu la mkewe ambalo halikuwamo kwenye hesabu zake lilipomwingia sawasawa, kupitia mfupa wa bega. Ya nne aliibeba akiwa analia kidogo, kwa jicho lile zima. Lile jingine lilikuwa limefumba kabisa.

*

Basi lilimfikisha Tabora jioni, na bajaji ikamfikisha Cheyo saa kumi na moja na nusu. Celica ilikuwa imeegeshwa getini, inang'aa mpaka inaumiza macho, na pembeni yake kirikuu ya Mustafa. Mustafa alikuwa amekaa kwenye ukingo wa bodi, ufunguo wa gari jekundu mkononi, uso wa mtu aliyepewa zawadi asiyojua aiweke wapi. Zuwena na maandazi yake alikuwepo, bila shaka, na nusu ya mtaa.

"Shemeji amenipa ufunguo tangu saa kumi kamili," alisema Mustafa. "Nimesema nikusubiri. Naona asali imekuja na bajaji."

"Imekuja na mimi."

Mwalimu alishusha ndoo nne, moja moja, mbele ya wote, akazipanga mlangoni. Shati lilikuwa limeganda begani kwa jasho na asali. Kisha akanyoosha mkono, kiganja juu.

"Ufunguo, fundi."

"Mwalimu, makubaliano..."

"Makubaliano niliyaweka mimi, nami nayavunja. Gari la mke wangu haliuzwi. Siku za mzigo nitakuja kukodi kirikuu yako, na ukininyima, hili bega unaliona."

Mustafa alilitazama bega, akamtazama Katarina aliyekuwa amesimama mlangoni, akacheka kidogo, akaweka ufunguo kwenye kiganja. Akawasha kirikuu yake akaenda zake, na watu, walipoona hakuna ugomvi, walitawanyika kwa masikitiko.

Mwalimu alimpa mkewe ufunguo. Katarina aliupokea, akautia kwenye pindo la kitenge. Kisha akamshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga, akaukwangua mwiba wa nyuki kwenye kope kwa ukucha, polepole, kwa mkono uleule uliochota nyuki.

"Umebeba zote mwenyewe?"

"Zote."

"Kwa bega lipi?"

"Yote mawili." Alikaa kwenye ngazi ya baraza, akaliangalia gari lile jekundu kwa jicho lake moja. "Mama Recheli, kesho usinishushe mashineni. Nifikishe mpaka mlango wa kanisa."

Katarina alichukua ndoo ya kwanza kuiingiza ndani. Mwalimu akainuka, akamnyang'anya.

"Basi uamke mapema," alisema Katarina. "Mimi sisubiri mtu."